Punda Wangu Hataki Mkokoteni

SWALI: Shikamoo mzee. Baada ya mavuno nilinunua punda dume mnadani Misungwi, anisombee maji ya ziwani. Nikimfunga mkokoteni anarusha mateke. Mwanamume akiinua mkono tu, hata wa kujikuna, anarudi nyuma akitetemeka. Ana kovu refu pajani na sikio moja limekatwa. Mume wangu anasema ni mkaidi: achapwe au auzwe. Nifanyeje? – Mama muuza maji, Kayenze

JIBU: Marahaba, mama. Fimbo iwekeni kando. Tangu nianze kazi ya ubwana mifugo huku Usukumani, sijaona punda aliyetolewa woga kwa kuchapwa. Farasi akitishika hutimua mbio; punda husimama akapima hatari kwanza, nasi tunamwita mkaidi.

Anza kwa kumkagua. Pitisha kiganja mgongoni, chini ya kifua mkanda unapokaza, pembeni mwa mdomo, kisha inua kwato. Punda ni fundi wa kuficha maumivu, hivyo angalia vitu vidogo: ngozi inayochezacheza, masikio kulala nyuma, kichwa kugeuka ghafla. Ukikuta kidonda, kioshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na asivalishwe chochote mpaka kipone. Ile oili chafu ya gari ambayo watu hupaka kila kidonda, hapana! Mwombe daktari wa mifugo amchanje pia dhidi ya pepopunda.

Sasa woga wenyewe. Usimwendee kwa nyuma wala usoni moja kwa moja, huko haoni vizuri. Nenda ubavuni, ukiongea naye. Mkune pale manyoya ya shingo yanapokomea juu ya mabega, ndipo punda wanapokunana wao kwa wao. Akitulia, toa mkono, uondoke wewe kabla hajaondoka yeye. Watu wengi hupuuza huko kuondoka, kumbe ndiyo zawadi yake.

Mkokoteni azoeshwe kwa mpango wa kinyume, uanzie mbele yake. Kwanza ale pumba karibu na mkokoteni uliosimama. Halafu kijana auvute mtupu, wewe na punda mfuate nyuma; kinachomkimbia hakimtishi kama kinachomfuata. Siku nyingine atembee sambamba nao, na mwisho kabisa ndipo mkokoteni uje nyuma yake. Akishtuka, rudi hatua moja. Itachukua wiki, pengine miezi, na atakayekuahidi siku tatu anataka hela yako tu.

Kama jirani ana punda mpole, walale zizi moja. Akigoma kula siku nzima, mwite daktari siku hiyohiyo: mafuta ya mwilini hujaa kwenye damu, ini likashindwa, naye hufa upesi.

Kuuza sikushauri, maana anayefuata atamchapa zaidi. Mumeo naye apewe kazi: jioni ampelekee pumba, aweke chini, aondoke bila kumgusa. Mkokoteni ukishindikana kabisa, na mgongo ukiwa mzima, madumu mawili ya lita 20, moja kila upande juu ya tandiko nene, yanamtosha.