Kwa nini miwani haigeuki nyeusi ndani ya gari
Miwani yako ya lenzi zinazogeuka nyeusi juani haijaharibika, usiirudishe dukani kwanza. Kinachoifanya igeuke nyeusi ukiwa nje si ukali wa mwanga unaouona, ni mionzi ya urujuanimno (UV), ambayo macho hayaioni. Sasa kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vilivyobandikwa pamoja na utando wa plastiki katikati, na utando huo unazuia karibu mionzi yote hiyo. Jua linakupiga usoni mpaka unakunja macho, lakini lenzi haina habari.

Dirisha la kawaida la nyumba ni kisa kingine. Mionzi hiyo ina aina mbili zinazotufikia, UVA na UVB; kioo cha namna hiyo kinazuia sehemu kubwa ya UVB ila UVA nyingi inapenya, kwa hiyo ukikaa karibu na dirisha lenye jua, lenzi hupata weusi kiasi, si kama wa nje. Jaribu: funika lenzi moja kwa kadi, iache miwani dirishani juani dakika kumi, kisha iweke juu ya karatasi nyeupe. Tofauti utaiona mwenyewe, isipokuwa kama dirisha lina plastiki ya kuzuia mionzi.

Halafu kuna joto. Lenzi ikipata joto haifiki weusi wake wote, kwenye baridi ndiyo inakolea kabisa. Watu wengi hapo ndipo wanadhani wameuziwa bandia.

Kama unaendesha sana mchana, kuna lenzi zinazoitikia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, hizo hugeuka kiasi ndani ya gari. Mimi ningechukua tu miwani ya jua yenye namba zangu.