Napoleon: mkombozi au dikteta?

Ndugu, umeuliza kama Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alikuwa mkombozi au dikteta. Kwangu ni dikteta, na nashikilia mwaka 1802. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa mwaka 1794, yeye akaurudisha. Toussaint Louverture, kiongozi wa weusi wa Saint-Domingue (koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti), alikamatwa kwa hila, akavushwa bahari, akafia kwenye chumba cha mawe chenye baridi kali katika ngome ya Joux huko Ufaransa, Aprili 1803. Januari 1804 Haiti ikawa huru. Desemba ya mwaka huohuo, Paris, Napoleon akajivika taji kwa mikono yake mwenyewe, Papa akitazama. Sheria zake za kiraia kweli zimedumu, hata Kongo zilifika kupitia Wabelgiji, lakini nazo zilimwamuru mke amtii mumewe.