Mgongo umegoma kupanda ngazi, fundi umeme naweza kupiga kazi nikiwa nyumbani?

SWALI: Habari fundi. Nimesoma umeme VETA, niko saiti mwaka wa saba huu. Mwaka jana nilianguka na bodaboda mgongo ukaharibika, ngazi sipandi tena. Kazi za mtandaoni kwa fundi zipo kweli au nitafute biashara nyingine?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Zipo, ila kuchimbia bomba na kuvuta waya hiyo sahau. Unachoweza kuuza ukiwa umekaa ni macho yako na hiyo miaka saba, dogo aliyemaliza chuo juzi ningemwambia aende saiti kwanza.

Mi ningekwambia uanze na sola, maana inveta nyingi (ile mashine inayogeuza umeme wa betri na paneli uwe wa kutumia nyumbani) siku hizi zinaingia wifi na unaziona kwenye simu. Juzi kati kuna mteja inveta yake ilikuwa inajizima usiku, ana betri 4 za volti 12 zimeungwa mfululizo. Nikafungua grafu ya volti za betri kwenye simu, kila friji ikiwaka volti zinadondoka toka 49 mpaka 43 halafu zinarudi, nikajua hapo ni betri au ni kiungio kimelegea. Nikampigia fundi aliye karibu naye, nikamwambia weka mita betri moja moja friji ikiwa inazunguka unirekodie video. Tatu zinasoma 11.5, ya nne 8.5, basi mchawi kapatikana. Mi sikutoka kwenye kiti.

Ila ona, kule kulikuwa na fundi. Usije ukamwelekeza mama mwenye nyumba afungue boksi la paneli kwa video call, paneli 10 zikiungwa mfululizo zinaweza kufika volti 400 na zaidi za DC (umeme wa aina ya betri) na jua likiwaka huna pa kuzizima. Mi hapo nakataa kabisa hata mteja akinuna.

Kazi nyingine ni kupiga hesabu za mfumo wa sola na kuandaa BOQ (orodha ya vifaa na gharama zake), mafundi wengi wanaojua kufunga vizuri hesabu zinawapiga chenga na watakulipa uwafanyie. Kuna tovuti inaitwa PVGIS, ni ya bure, inakupa makadirio ya umeme utakaopata kwa mwezi pale pale mteja alipo. Angalia tu kwenye azimuth (upande paneli inakoelekea, kwa nyuzi), sifuri yao ni kusini, sisi huku Tanzania paneli tunazielekeza kaskazini kwahiyo unaweka 180, ukiiacha hivyo hivyo umemgeuzia mteja paa.

Fomu ya kuomba umeme TANESCO bado inataka mkandarasi mwenye leseni, kama huna leseni ya EWURA (mamlaka inayodhibiti nishati na maji) shirikiana na aliyenayo, usigonge muhuri wa kuazima.

Na hela ya ushauri ichukue kabla hujafungua hiyo grafu, mteja akishajua betri mbovu ni ipi simu yako hapokei.