Meya alienda wapi? Majibu kwa wasomaji wa Nakuru, Kisumu na Eldoret

Eldoret ilipopewa hadhi ya jiji Agosti 15, 2024, maswali yalianza kumiminika: meya wake ni nani? Hayajakoma hadi leo, na mengine yanatoka mbali na Eldoret. Nimeyachagua machache.

Nakuru ni jiji sasa. Mbona hatuna meya? (Msomaji, Section 58, Nakuru)

Kwa sababu cheo chenyewe kilifutwa kabla Nakuru haijapata hati yake ya kuwa jiji. Mameya wa mwisho wa Kenya waliondoka na uchaguzi wa Machi 4, 2013, mabaraza ya miji yalipovunjwa na kazi zake kukabidhiwa kaunti. Nakuru ilipokea hati kutoka kwa Rais Uhuru Kenyatta Desemba 1, 2021, na hata hapo ilisaidiwa na marekebisho ya sheria ya 2019 yaliyoshusha idadi ya watu inayohitajika kuwa jiji kutoka 500,000 hadi 250,000.

Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inataka jiji liendeshwe na bodi pamoja na meneja. Wanabodi huteuliwa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti, na meneja ni mtumishi wa kuajiriwa. Hukumpigia kura, na huwezi kumwondoa kwa kura. Nairobi na Mombasa ni habari nyingine, maana huko kaunti nzima ndiyo jiji na gavana ndiye mwenye usukani.

Mimi nakumbuka Mstahiki Meya akipita, watu wote wanasimama. Alikuwa na mamlaka kweli, au ilikuwa mikogo tu? (Mzee, Kondele, Kisumu)

Mzee wangu, mikogo ilikuwepo. Joho, mkufu mzito kifuani, dereva na bendera kwenye gari: yote hayo tuliyarithi kwa Waingereza pamoja na mabaraza yenyewe. Lakini tuanze na jinsi alivyokipata kiti, maana vijana wengi hawajui. Mwananchi hakumchagua meya. Alimchagua diwani wa wadi yake, kisha madiwani wakakaa na kumchagua mmoja wao. Madiwani walioteuliwa na Waziri wa Serikali za Mitaa nao walikuwa na kura, kwa hivyo serikali kuu ilikuwa na mkono wake ukumbini hata kabla ya kura kuhesabiwa.

Basi ukisikia uchaguzi wa meya umekaribia, ulijua madiwani wataadimika mjini. Kambi moja inawapakia watu wake kwenye matatu, inawapeleka hoteli ya mbali, simu zinakusanywa, wanakula na kulala huko hadi asubuhi ya kura. Wakirudi wanaingia ukumbini wakiwa kundi moja, na jamaa wa kuwahesabu kasimama mlangoni. Kura zenyewe zilikuwa chache mno, kwa hivyo diwani mmoja aliyetoroka usiku aliweza kumpindua mtu. Wapiga kura wa wadi zao waliyasikia haya yote redioni kama wageni.

Akishaapa, anakutana na karani wa mji. Huyo ndiye aliyekuwa mtendaji mkuu, na meya hakuwa na uwezo wa kumwajiri wala kumfuta. Bajeti ilisubiri idhini ya Waziri wa Serikali za Mitaa kule Nairobi, na hata ada mpya ya soko haikutozwa kabla waziri hajakubali. Pesa zilitoka kwenye kodi ya ardhi, leseni, maegesho na ushuru wa masoko kama Kibuye, na tangu sheria ya 1998, kwenye mgao wa LATF, mfuko wa serikali kuu wa kuyapa mabaraza pesa, uliokuwa asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi nzima. Mishahara ilimeza sehemu kubwa.

Mamlaka yake halisi yalikuwa kwenye kamati, pale yalipojadiliwa masuala ya ploti, vibanda na nani atahamishwa sokoni. Hapo meya mwenye madiwani nyuma yake alisikilizwa, kwa wema au kwa ubaya.

Meya wa kwanza mwanamke Kenya si alikuwa Margaret Kenyatta? (Msomaji, Kakamega)

La, dada. Margaret Kenyatta aliongoza Nairobi kuanzia 1970 hadi 1976. Kisumu ilikuwa imeshatangulia. Grace Onyango, mwalimu aliyezaliwa 1924, alikuwa diwani, na mwaka 1965 akakalia kiti cha meya wa Kisumu baada ya meya aliyekuwepo kufariki. Kenya ilikuwa na umri wa miaka 2 hivi tangu uhuru.

Hakuishia hapo. Mwaka 1969 alichaguliwa mbunge wa Kisumu Mjini, mwanamke wa kwanza Kenya kuingia Bunge kwa kura za wananchi. Ikumbukwe ulikuwa mwaka gani: Tom Mboya aliuawa Julai, na Oktoba watu walipigwa risasi Kisumu Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali. Chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku siku chache baadaye. Katika mji uliojaa matanga na hasira, wapiga kura walimkabidhi kiti mwanamke, na wakamrudisha hadi 1983. Alifariki Machi 8, 2023, Siku ya Wanawake Duniani, akiwa na miaka 98. Kwangu mimi, hakuna meya wa Kenya mwenye wasifu wa kumfikia, na inaniudhi kwamba watoto wa shule wanalijua jina la meya yule wa Nairobi, Margaret Kenyatta, kabla ya lake.

Umeya ukiisha, mtu alienda wapi? (Msomaji, Eldoret)

Bungeni, akibahatika. Charles Rubia, meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, alifanya hivyo. Kwetu huku, Shakeel Shabbir alikuwa meya wa Kisumu kabla ya kuchaguliwa mbunge mwaka 2007.

Je, meya anaweza kurudi? (Msomaji, Milimani, Kisumu)

Bila kura ya maamuzi, ndiyo. Kifungu cha 184 cha Katiba kinaliachia Bunge litunge sheria ya kuongoza miji, na hakikatazi cheo cha meya. Kikwazo ni siasa. Ni gavana yupi atakayekubali mtu mwingine mwenye kura zake katikati ya mji wake mkuu? Mei 2022 Kisumu iliandaa mkutano wa Africities, mameya wakaja kutoka kila pembe ya Afrika, na mji uliowakaribisha haukuwa na meya wa kuwapa mkono. Mimi ningeunga mkono meya arudi, kwa sharti moja: achaguliwe na wakazi moja kwa moja. Ile ya kufungiana hotelini sitaki kuiona tena.

Taka zimejaa kwetu Kaptembwo. Nimlilie nani? (Msomaji, Nakuru)

Uzoaji taka ni kazi ya kaunti. Andika barua kwa meneja wa jiji, nakala kwa mwakilishi wadi wako, na usisahau kugongesha muhuri kwenye nakala utakayobaki nayo. Sheria ile ya 2011, kifungu cha 22, inawapa wakazi haki ya kuwa na jukwaa la kuhoji bodi kuhusu huduma na matumizi ya pesa. Uliza kikao kijacho ni lini, kisha nenda na majirani. Ukienda peke yako utaambiwa lori limeharibika.