Maswali ya Wasomaji: Injini Inayonata Wakati wa Kushuka

SWALI: Mimi ni fundi wa mashine za boti, na kuchanganya petroli na oili ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nimeambiwa kwamba ndege nyepesi za mtu mmoja au wawili hutumia injini za mipigo miwili, ambazo oili yake huingia pamoja na petroli, kama hizi zetu, na kwamba pistoni zake huweza kunata rubani anaposhuka, wakati injini haina mzigo. Huku kwetu mashine hunata ikielemewa. Inawezekanaje? – Msomaji, Kilwa.

JIBU: Uliyoambiwa ni kweli. Chukua injini ya Rotax 582 ya Austria, yenye silinda mbili na nguvu za farasi 65. Oili ikichanganywa kwenye petroli, kipimo chake ni moja kwa hamsini, yaani mililita 400 katika dumu la lita 20, kipimo ambacho bila shaka unakijua. Rubani akifunga mafuta huku upepo ukiendelea kusukuma panga boi, pistoni huzidi kwenda mbio ilhali petroli inayoingia ni haba, na oili ya kuilainisha inayofuatana nayo ni haba vilevile, hivyo hunata. Boti haina shida hiyo, maana ukipunguza mafuta, maji huishika mara moja.

Hatari ya pili huja mwishoni mwa kushuka. Injini hii hupozwa kwa maji, na maji ya rejeta hupoa sana katika mteremko mrefu. Rubani akifungua mafuta kwa ghafla, pistoni ya alumini hupata moto na kutanuka kabla ya silinda, ambayo bado imezungukwa na ubaridi, na nafasi ndogo iliyokuwa kati yake hupotea. Ukiifungua injini kama hiyo utakuta mikwaruzo ya wima katika pande nne za pistoni. Kwa hiyo rubani makini hushuka akiwa ameacha mafuta kidogo, na huongeza taratibu.

Rotax 912, iliyoingia sokoni mwaka 1989, ni ya mipigo minne na ina pampu yake ya oili, hivyo haina udhaifu huo wa kwanza. Hufikisha saa 2,000 kabla ya matengenezo makubwa, wakati 582 hupangiwa 300. Lakini ni nzito na ghali zaidi, na ndege nyingi za zamani hazikuundwa kubeba uzito huo. Wenye 582, kwa maoni yangu kwa busara kabisa, huruka wakiwa wamekwisha kuchagua uwanja wa kutua bila injini.