Kabla ya Kufuta Windows, Itafute Draiva Iliyobadilika

Ndugu fundi unayeanza kazi, hapa Wandegeya, Kampala, wanafunzi wa Makerere hutuletea laptopu zilizotumika miaka mingi, nawe utashawishika kufuta Windows na kuisakinisha upya kila inapozimika ghafla. Nakusihi usianzie hapo. Ukifuta unapoteza ushahidi wote, na ugonjwa unaweza kurudi mara tu Windows Update inapoipakua tena ileile draiva mbaya, yaani programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa fulani.

Draiva nyingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, kwa hiyo kosa la moja huangusha kompyuta nzima, hata kama mteja ana hakika kwamba mbaya ni programu aliyokuwa ameifungua. Mwanafunzi mmoja wa usanifu majengo aliniletea laptopu iliyokuwa ikionyesha skrini ya bluu kila alipofungua michoro yake. Niliifuta mara mbili, naye akapoteza siku za kazi, jambo ambalo bado linaniuma. Mara ya tatu ndipo nilipofungua folda ya C:\Windows\Minidump, ambamo Windows huhifadhi kumbukumbu za kila mwanguko, kwa BlueScreenView, programu ya kuzisoma, nikakuta kila faili ina msimbo 0x116, ambao maana yake ni kwamba draiva ya picha iliacha kuitikia na Windows ikashindwa kuiamsha.

Msimbo huo unaweza kutokana pia na joto au kadi iliyochakaa, hivyo nilisafisha feni kwanza. Laptopu ile ilikuwa na vichakataji picha viwili, cha Intel na cha NVIDIA, na draiva ya jumla iliyoletwa na Windows haikupatana na ile ya mtengenezaji. Nilikata intaneti ili Windows isiniwahi, nikaingia katika hali salama (Safe Mode), nikaziondoa zote mbili kwa Display Driver Uninstaller, programu ya kufuta draiva za picha, kisha nikasakinisha za mtengenezaji wa laptopu, ya Intel ikitangulia. Ikatulia.

Usihukumu haraka ukiona ntoskrnl.exe ikitajwa katika faili hizo: hicho ni kiini chenyewe, na mara nyingi kinatajwa kwa kosa la draiva nyingine. Angalia pia kama kuna antivirusi mbili, kwani draiva zao zinaweza kugombana.

Andika daftarini toleo la kila draiva kabla ya kuigusa, badilisha moja tu kwa wakati mmoja, kisha mwombe mwenye laptopu afanye kazi ileile iliyokuwa ikiiangusha, mbele yako, kabla hujapokea malipo.