Ruta haijakosea

Msomaji wa Moshi, fundi wa mitandao, anauliza: akiwaandikia wateja aseme "ujumbe wa makosa" au "ujumbe wa hitilafu"? Na kile kinachobeba data ni kifurushi au pakiti?

Hilo la pili ni jepesi: pakiti. Kifurushi kilishachukuliwa na kampuni za simu. Mwambie mteja wa Majengo kwamba kifurushi chake ni kikubwa mno, atadhani ana bando la mwezi mzima.

La kwanza linaniudhi miaka yote. Kiswahili cha makosa ni Kiswahili kilichokosewa. Basi ujumbe wa makosa ni ujumbe uliokosewa. Tena kosa lina mkosaji. Hapa mkosaji nani? Kompyuta imetuma pakiti ya baiti 1500, ikaiwekea alama kwamba isikatwe vipande. Mbele kuna njia inayopitisha 1492 tu. Ruta, yaani kifaa kinachopitisha pakiti kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, inaitupa pakiti, kisha inamwandikia mtumaji: mwisho hapa ni 1492, punguza. Utaratibu huo uliandikwa mwaka 1990, na ndivyo kompyuta inavyojua kipimo cha njia nzima. Umeleta kabati, mwenye nyumba akakwambia mlango wake ni futi tatu: amekosea nini? Amekuokoa usivunje kabati wala fremu!

Neno hilo lina madhara. Nimewasikia mafundi hapa Arusha wakiagizana, "hayo makosa yazuie yote yasiingie." Wakishayazuia, pakiti ndogo zinapita, kubwa zinapotea kimya kwa kuwa mtumaji haambiwi apunguze, ukurasa unafunguka nusu na kuganda.

Hitilafu ni neno la Kiarabu, na asili yake ni tofauti. Ndicho hasa kilichotokea: tofauti ya baiti 8 kati ya mzigo na njia.

Msomaji anasema pia kuwa ruta zake za katikati zina "anwani feki", zinazoanza na 10, na taarifa zake hazifiki. Si feki hata kidogo. Ni anwani za ndani. Ukisema "kwa Mangi" ukiwa Pasua, kila mtu anajua duka lipi. Barua iliyoandikwa "imetoka kwa Mangi" ikifika Mwanza, ambako kila mtaa una Mangi wake, mlinzi wa getini anaitupa. Kwa hiyo ruta inayotoa taarifa nje ipewe anwani ya hadharani.

Kwa wateja andika "taarifa ya hitilafu". Ukipenda "ujumbe wa hitilafu", nitauvumilia.